Punda wa Kuazima

Redio ya Soila haikuwa mbovu. Nilimwambia hivyo alipoileta kibandani kwangu Sombetini, na aliporudi nayo nikamwambia tena, safari hii kwa ukali, maana sipendi kubishiwa kuhusu redio. Akakaa kwenye kiti changu, na ilipofika saa kumi jioni akaiwasha mwenyewe.

"Fundi Kandida, sikiliza basi."

Ikatoka sauti kama ya bata wanaogombana.

"Si Kimaa hicho?" nikasema.

"Kimaa?" Soila akanitazama. "Mimi ndiye Mwarusha hapa, Kimaa ndiyo lugha yangu. Nilidhani ni Kichaga chenu. Nikasema Wachaga wameingia hata hewani, ngoja wamalize biashara zao."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Mume wake, Lemburis, alikuwa amehamishia ng'ombe mbali, nyikani, kusikoshika simu. Karibu na malisho kuna kambi ya watafiti wenye redio ya mawasiliano. Saa kumi jioni huongea na ofisi yao ya mjini, kisha humwachia Lemburis atume salamu nyumbani; ofisi ndiyo iliyompa Soila namba ya mawimbi yao. Sasa zilikuwa zimefika habari kwamba nyati amemjeruhi mchungaji mmoja. Jina halikufika.

"Nikisikia sauti yake, yatosha," Soila akasema. "Akisema mwingine badala yake, nitaelewa."

Hasira zikaniisha. Kama si Kimaa wala Kichaga, ilikuwa lugha gani? Nikasogeza sikio, na hapo nikajiona mjinga. Hakukuwa na lugha ngeni. Kulikuwa na mzigo usio na punda.

Nilimweleza hivi: stesheni ya kawaida hurusha wimbi la kubeba, nayo sauti hupakiwa juu yake kama magunia juu ya punda. Redio yako humpokea punda, hushusha mzigo, wewe unasikia maneno. Lakini hawa wa kambini wanabana nguvu ya betri. Wanatuma mzigo peke yake, punda anabaki kwao.

"Na mzigo unafikaje bila punda?"

"Unafika, ila redio yako haijui kuushusha. Lazima tumpatie punda wa hapa hapa."

Nikachukua redio nyingine kutoka rafuni. Kila redio ya aina hii hujitengenezea wimbi dogo tumboni mwake, na kiasi fulani huvuja nje. Nikazibananisha zote mbili, ya pili nikaifunga sauti kabisa, nikaanza kuzungusha kitufe chake cha stesheni polepole, nikitafuta pale wimbi lake linapoangukia mahali pa yule punda aliyebaki. Ikapiga mluzi. Bata wakaanza kulegea.

"...haya mzee, ongea," mtu akasema kwa Kiswahili safi. Nusura nipige makofi.

Kisha sauti nyembamba: "Ngoto Nalepo."

Mama Nalepo, yaani Soila mwenyewe. Hata mimi nililielewa hilo. Soila akaweka mkono mdomoni.

"Si yeye," akasema. "Huyo ni kijana."

Niliogopa, nakiri. Kisha nikakumbuka kwamba punda wa kuazima akikaa pembeni kidogo tu, sauti yote hupanda au hushuka. Maneno yanabaki yale yale, mtu anabadilika. Mimi nilikuwa nimetafuta maneno tu.

"Zungusha wewe," nikamwambia. "Mimi simjui mume wako."

Akashika kitufe. Sauti ikashuka mno, ikawa ya fahali. Akairudisha kidogo, kidogo tena, akasimama. Mkono wake ukatulia kabla uso wake haujatulia.

"Ngoto Nalepo," ikasema, nzito, yenye mkwaruzo kidogo. Ikanyamaza.

"Eoo," Soila akaitika, machozi yakimtiririka.

Lemburis akaendelea, sentensi moja, akanyamaza tena. Kwao salamu haisogei bila kuitikiwa, naye alikuwa anaacha nafasi kila mara, kule nyikani, mbele ya watafiti. Soila aliijaza kila nafasi. Nilitaka kumwambia kwamba redio hii hupokea tu, haitumi. Nikatoka nje, nikawaacha waongee.