Chukua, Ni Zako

Parastu alitumia misimu miwili ya baridi kuchagua ski zake, mbao za kutelezea juu ya theluji, na alizitoa kwa maneno matatu.

Hapo Shemshak, kijiji cha milimani nchini Iran, kila mtu alijua alivyohangaika. Alijaribu zile nyembamba za mashindano. Kwenye njia zilizoshindiliwa na mashine zilikata kona vizuri ajabu, ila kwenye theluji mbichi, laini kama unga, zilizama na yeye juu yake. Akajaribu zile pana. Hizo zilielea kwenye unga, lakini zikifika penye ugumu zinatetemeka, kona haziishi. Mwishowe akapata jozi ya kijani, pana kiasi katikati, laini mbele, ngumu chini ya mguu. Hiyo ilikubali kote kote. Na aliihitaji kweli, maana mtihani wa leseni ya ualimu wa ski ni mara moja kwa mwaka: kwanza njia iliyoshindiliwa, kisha theluji ya unga, na kanuni ni jozi moja tu uliyoichagua mwenyewe. Akishindwa, anarudi kibandani kuuza tiketi za lifti ya kupandisha watu mlimani, msimu wa tatu.

Siku moja kabla ya mtihani, binamu yake Kiumars, aliyekulia Hamburg, alikuja kwao kula chakula cha mchana. Akaziona zimeegemezwa mlangoni.

"Mashallah, binamu! Ski gani nzuri hivi?"

"Chukua, ni zako," akasema Parastu.

Hayo ndiyo malezi. Mtu akisifu kitu chako, unampa. Anakataa, unasisitiza, anakataa tena, mnakunywa chai. Hakuna mwenye akili zake anayechukua. Kiumars alikuwa amefundishwa nusu tu ya somo hilo.

"Asante sana, Mungu akuzidishie," akasema, akazitia begani, akaondoka nazo.

Parastu akageuka ndani. Mama yake aliganda na bakuli la supu ya tambi mkononi.

"Mama, amezichukua!"

"Si umempa?"

"Nimempa ili akatae!"

"Sasa utamfuata mgeni ukamnyang'anye? Watu watatucheka mpaka Tehran."

Parastu alivumilia saa moja. Aibu ni aibu, lakini leseni ni leseni. Akateremka hadi mkahawani karibu na lifti, akamkuta Kiumars anakunywa chai, mikono mitupu.

"Binamu, samahani. Zile ski..."

"Usiniambie kitu! Leo nimekuwa Mwirani kamili," Kiumars akasema, uso umemchangamka. "Kuna mzee kazisifu. Nikamwambia chukua, ni zako. Akakataa mara nne! Nikamng'ang'ania, nikazirekebisha, nikamfunga miguuni kwa mikono yangu."

"Mzee gani?"

"Simjui. Ana masharubu."

Mlima mzima una masharubu. Parastu akazunguka mpaka lifti ikafungwa, asimpate.

Asubuhi alifika mtihanini na zile nyembamba za zamani. Watahiniwa walikuwa tisa, wamejipanga juu ya mteremko, wakati msimamizi wa mtihani, Bwana Nosratollah, aliposhuka kutoka kwenye kiti cha lifti akiteleza taratibu, masharubu yameshika barafu. Parastu akatazama miguu ya mzee. Kijani. Mkwaruzo wa kushoto alioutia Parastu mwenyewe Desemba ulikuwa pale pale. Akafungua mdomo, ikatoka salamu tu.

Kwenye njia iliyoshindiliwa alishuka vizuri, hakuna aliyemkaribia. Wakahamia upande wa theluji ya unga, kina cha paja. Kona ya kwanza ncha zikazama, Parastu akaruka kichwa mbele, akazikwa mpaka kiunoni. Mtu akacheka. Bwana Nosratollah akamfuata, akamvuta kwa mkono.

"Mwanangu, kuteleza unajua. Ila mwalimu anayekuja na ski kama hizi kwenye theluji kama hii, nitamkabidhije watoto wa watu? Ndizo ulizochagua?"

"Hapana, mzee. Nilizochagua umezivaa wewe."

Yule aliyecheka akafunga mdomo. Mzee alizitazama ski, akamtazama binti, uso ukamwiva.

"Yule kijana wa jana..."

"Binamu yangu. Nilimpa kwa adabu, akazichukua."

"Nami nilikataa mara nne! Sasa asubuhi yote mbona hukusema?"

"Nimelelewa vizuri, mzee."

Bwana Nosratollah akainama, akafungua kishikizo cha mguu mmoja, kisha cha pili. Akashuka kutoka kwenye ski na kuzama mpaka mapajani.

"Kanuni inasema jozi moja uliyoichagua. Hiyo hapo. Anza tena kutoka juu."

"Na wewe utashukaje?"

"Kwa miguu."

Mzee wa miaka sitini na minane, mteremko mzima, mbele ya watahiniwa wake! Ulimi wa Parastu tayari ulikuwa umeshika njia: baki nazo mzee, ni zako. Aliuhisi kabisa unainuka. Akaung'ata hadi akaonja damu, akazibeba ski zake akapanda juu bila kusema lolote, na wote wanane wakamtazama kama mtu aliyemtukana baba yake.

Akashuka. Ski zilielea. Katikati ya mteremko akampita mzee anayejikokota, ski zikamrushia theluji usoni, na hakusimama kuomba radhi.