Kibuyu cha Mgeni

Elmina alitoka Tukuyu, Tanzania, akaja Kericho mwaka 1996 kusomea mambo ya majani chai, na siku tatu za kwanza aliwachosha wenyeji wake kwa adabu. Shikamoo kwa kila mtu, hata kwa Caren, mke wa Kipkemoi, aliyemzidi miaka miwili tu. Caren alicheka hadi akakaa chini. Mama Kipkemoi, mwenye nyumba, yeye alifurahi kweli. Alisema amepata binti mwenye heshima.

Binti huyo hakutaka kula bure. Siku ya nne aliachwa peke yake, wenzake wakiwa shambani wanachuma chai, akaona kibuyu kimetundikwa jikoni. Akachungulia ndani: cheusi tititi. Maskini, akawaza, hawa watu kazi zimewazidi. Akakitia maji moto na sabuni ya unga, akakisugua kwa kijiti kilichofungwa kitambaa mpaka maji yakatoka meupe. Akakirudisha msumarini, roho yake kwatu.

Jioni Caren alimimina maziwa humo bila kuchungulia. Angechungulia nini, na jana yake tu alikuwa amekipaka mkaa kwa mkono wake mwenyewe?

"Hiyo ni mursik," Caren alimweleza. "Tunachoma mti fulani, tunapaka ndani, halafu maziwa inalala siku kadhaa. Bila mkaa haina ladha. Hii ni ya kukukaribisha wewe, Jumapili, majirani wakikuja."

Elmina akakumbuka maji meusi aliyomwaga. Angesema palepale, mambo yangeishia kwenye kicheko. Alijiambia kesho, na kesho yake akajiambia vivyo hivyo, mwoga wee, mpaka Jumapili ikamkuta.

Majirani walijaa sebuleni. Mzee Kimutai, mmoja wao, akaomba, maombi marefu, akamtaja mgeni mara mbili. Vikombe vikajazwa. Mama Kipkemoi akaonja wa kwanza, akatema.

"Hii maziwa inanuka sabuni!" Alisema kwa Kiswahili makusudi, ili mgeni naye asikie. "Caren, si ni wewe ulitengeneza hii kibuyu? Umeniaibisha mbele ya watu."

Caren alimtazama Elmina mara moja tu, na Elmina akajua kwamba Caren ameelewa yote. Akangoja atajwe.

"Pole, mama," Caren akasema.

Sasa ndiyo ilikuwa zamu ya Elmina kusema. Aliona aibu, akakazia macho kikombe chake.

"Kutoka leo," Mama Kipkemoi akasema akimshika Elmina mkono, "vibuyu ni kazi ya huyu. Huyu msichana ni msafi. Nitamfundisha mimi mwenyewe."

Majirani wakapiga makofi.

"Asante, mama," Elmina alijibu. Hakuweza kuinua macho, maana Caren alikuwa ameinama mbele yake akikusanya vikombe, na alianza na cha mgeni.