Mraba wa Theonest

Theonest alikuwa karani wa mizigo pale Kipawa, karibu na uwanja wa ndege, na hakuna kilichomtuliza moyo kama hesabu iliyokubali. Mtoto wake wa kwanza, Stanley, alipogundulika ana selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, mkewe Rosalia alilia njia nzima hadi nyumbani. Theonest hakulia. Nesi wa kliniki, Sista Atuganile, alikuwa amewaeleza kwamba kila mmoja wao amebeba kinasaba kimoja kizima na kimoja kibovu, na kwamba katika kila mimba uwezekano wa kupata mtoto mgonjwa ni mmoja kati ya nne. Yeye alisikia "mmoja kati ya nne" tu, akaona mambo yamekaa vizuri.

Kesho yake alichora mraba wenye vyumba vinne, akaubandika sebuleni juu ya televisheni. Chumba cha mgonjwa akakitia alama ya vema kwa wino mwekundu. Vilivyobaki vilikuwa vya wabebaji wawili wasioumwa, na mmoja salama kabisa. Kila mgeni alisomewa. Aliwaambia majirani kwamba wenzake hukutana na balaa mwishoni, yeye kalitanguliza, sasa bado neema tupu. Alimwita Stanley "fungu letu la kwanza", hata mtoto akiwa amekaa hapo hapo anakunywa uji.

Rosalia hakubishana naye. Alikuwa na vidonge vya kila asubuhi, maji ya mara kwa mara, sweta siku za mvua, na miguu ya mtoto ya kukanda maumivu yalipopanda. Theonest hakujua hata rangi ya vidonge hivyo.

Stanley alipotimiza miaka mitano akazaliwa Blessing. Baba yake alimwandika kwenye chumba cha "salama kabisa" siku ya pili tu, bila kipimo, kwa kuwa alikuwa mnene. Miezi saba baadaye viganja na nyayo zake vikavimba. Alipopimwa, ikawa selimundu.

Theonest akaiandikia kliniki barua. Kichwa chake: YAH: UKIUKWAJI WA UWIANO. Aliambatanisha nakala ya mraba, akaomba maelezo ya maandishi ndani ya siku kumi na nne. Sista Atuganile aliisoma mara mbili, akamwita pamoja na mkewe, akawawekea mezani vizibo viwili vya soda.

"Hiki chako, hiki cha mama. Kikilala kifudifudi, umempa mtoto kinasaba kibovu. Vikilala hivyo vyote viwili, anaumwa. Rusha."

Alirusha. Vyote viwili kifudifudi. Akasema vizuri, hiyo imeshatoka, haiwezi kurudi karibuni. Akarusha tena, kimoja kikalala chali, akamtazama nesi kwa ushindi. Mara ya tatu vyote vikalala kifudifudi. Akaomba abadilishiwe vizibo.

"Baba Stanley, kizibo hakikumbuki kilivyoanguka mwanzo, na mimba ni hivyo hivyo," alisema nesi. "Kila moja inaanza upya. Ukizaa elfu utaiona robo yako. Ukizaa wawili, utaona chochote."

Theonest alifikiri, kisha akauliza kwa adabu kama basi wasingeweza kuzaa sita wengine, ili robo itimie.

"Hao sita utawabeba wewe," alisema Rosalia. "Mie nimemaliza." Akamgeukia nesi, akauliza kitanzi cha kuzuia mimba huwekwa siku gani.

Nyumbani, Stanley alimtazama mdogo wake aliyelala, akamuuliza baba yake, "Na huyu naye ni fungu?"

Theonest alipanda kwenye stuli, akabandua karatasi, na rangi ya ukuta ikabanduka nayo.

Siku hizi haikosi kliniki. Hukaa kwenye benchi na Blessing mapajani, akiieleza foleni nzima habari za vizibo, kana kwamba yeye ndiye aliyeivumbua elimu hiyo. Akina mama humsikiliza kwa kuwa foleni ni ndefu. Rosalia humwacha amalize, kisha humuuliza kama mtoto ameshapewa maji. Mara nyingi huwa bado.