Fizi za Urpo

Urpo anapiga tarumbeta katika bendi ya kijiji cha Kivisalo. Mwezi Aprili alipoketi kwenye kiti changu cha kusafishia meno, meno yake matatu ya mbele yalikuwa yanacheza. Nilipima kina cha upenyo kati ya fizi na kila jino: milimita sita, sita, saba, wakati fizi nzima haizidi tatu. Damu ikafuata kipimo.

"Haya yakitoka, Raili, tarumbeta nitaiegemeza wapi?" akauliza.

Nikamkwangua ugaga uliogandamana kwenye meno, nikamfundisha kupiga mswaki upya. Wiki hiyohiyo daktari alimwanzishia vidonge vya kushusha kolesteroli. Agosti nikapima: nne, nne, tatu. Nikarudia, nikidhani mkono umenidanganya. Fizi za mtu wa miaka sitini na nane sikuwahi kuziona zikikaza hivyo.

Januari damu ilirudi. Tano, sita. Na meno yalikuwa safi.

"Umebadilisha nini?"

"Hakuna."

Nikamwekea magotini karatasi yangu ya vipimo vya fizi.

"Vidonge," alisema mwishowe. "Nimeacha tangu Oktoba. Si unajua tunashindana na Honkaperä, kijiji gani kitashusha kolesteroli zaidi? Kushinda kwa vidonge ni wizi. Nimeacha siagi badala yake."

"Nani kasema ni wizi?"

"Hakuna. Mtu anajua tu."

"Una kichwa kigumu, mzee wangu. Sasa imeshuka?"

"Imepanda." Akatoa mfukoni karatasi ya maabara yenye namba zote tangu Aprili.

Nikaiweka magotini pake, kando ya karatasi yangu ya fizi. Namba zilishuka pamoja, zikapanda pamoja, kipimo kwa kipimo. Miaka thelathini nimechungulia vinywa nikiamini vipimo vya damu ni kazi ya chumba kingine. Siwezi kuapa kwamba ni vidonge. Fizi zina mambo mengi. Lakini nilizisoma tena safu zote mbili. Urpo naye alipitisha kidole kwenye namba polepole, kama anayesoma noti za wimbo asioujua.

"Kumbe kinywa na damu ni vya mtu mmoja," alisema.

Akawapigia simu waandaaji wa mashindano palepale. "Nifuteni kwenye mashindano. Hapana, siumwi. Nataka meno yangu."

Jioni hiyo alirudi kwenye vidonge. Mwezi Mei nilipima: nne, nne, tatu. Sikurudia. Niliweka kipimo chini, nikamwomba afumbue kinywa tena, nitazame tu.