Upawa wa Kwanza

Majengo, Pumwani, harusi ilikuwa haijakamilika mpaka pilau ipikwe na Abdurahim, na pilau ya Abdurahim haikutiwa mchele mpaka yeye anywe upawa wa kwanza. Ndio utaratibu uliozoeleka kichochoroni kwao. Supu ikishachemka, nyama ikalainika, yeye huchota upawa mmoja palepale juu yalipotanda mafuta, akaupuliza, akanywa amesimama. Wanawake husubiri na mabeseni ya mchele uliooshwa. Akisema "Leteni," ndipo unapomiminwa. Asipoonja, hata bwana harusi afike na msafara wake wote, mchele hauguswi.

Upawa huo ndio uliomkosesha raha Lela, mkewe.

Mwezi mmoja na nusu ulikuwa umepita tangu asubuhi ile kikombe cha chai kilipomponyoka mumewe. Mdomo ulimwenda upande, na maneno yakamtoka mazito kama ya mtu aliyejaza mahamri kinywani. Haikupita saa nzima, mdomo ukarudi mahali pake na mkono ukashika tena. Abdurahim akatafuta kofia yake, eti anakwenda zake sokoni. Lela hakubishana naye. Alimshika kiwiko na kumpeleka kliniki, na huko wakapelekwa hospitali akapigwa picha ya kichwa na kupimwa damu.

Majibu walisomewa na Mbinya, daktari mdogo wa kliniki, ambaye hakuwa na tabia ya kuzungukazunguka.

"Mzee, hicho kilikuwa kiharusi. Kidogo, lakini kiharusi. Damu yako ina mafuta mengi, na mafuta hayo yamejenga utando kwenye kuta za mishipa ya shingo. Utando ukipasuka, damu inaganda hapo, donge linapanda kichwani na kuziba njia. Hili la juzi lilikuwa dogo. Lijalo hatulijui."

"Lakini nasikia ubongo wenyewe ni mafuta," akasema Abdurahim, ambaye hata akiumwa hakosi neno. "Sasa mafuta yatamdhuru vipi ndugu yake?"

Mbinya akacheka. "Kweli, ubongo una mafuta mengi. Lakini unajitengenezea yake hukohuko ndani, hauombi ya sufuria yako. Meza dawa kila siku, na yale mafuta ya juu ya supu sahau."

Abdurahim aliahidi. Dawa alimeza bila kusukumwa. Kuhusu supu, alisema ataonja tone moja tu kiganjani, basi.

Nyumbani Lela akaanza kupika vya kuchemsha. Alijitayarishia ugomvi, maana kwa miaka thelathini hakuna chakula chake kilichopita mbele ya mwanamume huyu bila kutolewa maksi. Iliki imezidi. Vitunguu umeviharakisha. Nazi hii uliikamua au uliibembeleza? Lakini tangu augue, Abdurahim alikula kimya, akafuta mdomo, akasema, "Alhamdulillahi, kitamu." Siku moja Lela alisahau kabisa kutia chumvi kwenye mchicha. Yeye mwenyewe alishindwa kuumeza, mumewe akamaliza sahani na kumshukuru. Lela akaingia jikoni akalia kidogo kwa furaha. Alidhani ugonjwa umemfundisha upole.

Kisha Zakariye, jirani wa mlango wa tatu, akaja kusema kwamba binti yake anaolewa Jumapili. Lela alitaka kazi hiyo apewe mtu mwingine. Zakariye alimtazama kwa masikitiko ya kweli.

"Shemeji, pilau ya mwanangu ipikwe na mgeni? Uso nitauficha wapi?"

Jumapili asubuhi, turubai lilikuwa limefungwa kutoka bati hadi bati, na sufuria tatu zilikuwa juu ya mawe. Lela alisimama upande wa wanawake, beseni la mchele kiunoni, macho kwa mumewe. Alimwona akitia chumvi. Akamwona akikoroga, akichota kutoka juu kabisa, upawa mzima, akinywa. Tone la kiganjani liko wapi? Lela akauma mdomo. Akajiambia labda mumewe amemtaka radhi moyoni, kwamba ni mara moja tu.

Lakini Abdurahim hakusema "Leteni." Alitazama sufuria, akaongeza chumvi kwenye zote tatu, akachota tena, akanywa. Akaongeza tena, akanywa wa tatu.

"Fundi, hiyo supu imekubamba, hata huwezi kuiacha," akasema Ooko, mkodishaji wa masufuria, aliyekuwa akisukuma kuni. "Hiyo ni upawa ya tatu sasa. Wageni tutawapea nini?"

Wanaume wakacheka. Abdurahim naye akacheka, ila Lela hakucheka. Katika maisha yake yote hakuwahi kumwona akinywa upawa wa pili. Huyu alikuwa mtu wa kuonja mara moja na kujua. Ndipo ule mchicha usio na chumvi ukamrudia, na zile "kitamu, kitamu" za mwezi mzima. Haukuwa upole, wala hakuwa mlafi. Mumewe alikuwa anatafuta chumvi na haioni.

Akaliweka beseni chini na kuvuka kwenda upande wa wanaume, jambo ambalo mwanamke hafanyi mpaka aitwe. Kicheko kikakatika. Akauchukua upawa mkononi mwa mumewe, akasukuma mafuta kando, akachota supu ya chini, akadondosha tone kiganjani na kulilamba. Ilikuwa chumvi tupu.

"Tangu lini?" akamuuliza kwa sauti ya chini.

Abdurahim alitazama moto. "Tangu siku ile."

"Hata kidogo?"

"Ulimini naona joto, na naona mafuta yanateleza. Zaidi ya hapo hakuna kitu." Akamgeukia. "Lela, mpishi asiye na ulimi atakuwa nani?"

Lela alimhurumia, na wakati huohuo alitaka kumpiga na ule upawa. Akageuka, akapaza sauti watu wote wasikie.

"Mpishi anasema mpunguze supu ndoo moja kila sufuria, mtie maji ya moto. Na mafuta ya juu yote yaenguliwe."

Ooko akainuka kutafuta ndoo.

"Hilo la mafuta sikulisema," Abdurahim akanong'ona.

"Umelisema."

Lela alionja tena, na tena, kiganjani, mpaka chumvi ikawa imezidi kidogo tu, kama unavyotaka mchele utakaokuja kuifyonza. Akamgusa mumewe mkono. Abdurahim akanyoosha mgongo.

"Leteni," akasema.

Wageni walikula wakajilamba. Zakariye alikuja kuwashukuru, akasema pilau ya leo ni nyepesi tumboni, kuna siri gani. Abdurahim akamjibu kuwa siri ya mpishi haitolewi bure.

Alasiri walirudi nyumbani. Walikwisha kubaliana kwamba kesho watakwenda kwa Mbinya kumweleza habari ya ulimi, kama atajua lini utarudi, au kama utarudi. Lela akapakua mchicha na ugali, akaketi mbele yake.

"Kitamu?"

Abdurahim alitafuna kwa muda mrefu.

"Sijui," akasema.

Mwezi wote huo hakuwa amemwambia neno lililomfurahisha kama hilo. Lela akamega tonge, akalitia kinywani, akafumba macho.

"Chumvi kidogo tu," akamwambia. "Ndimu imetangulia. Kitunguu kitamu. Nyanya bado zina ukali."

Abdurahim aliacha kutafuna, akasikiliza mpaka mwisho.

"Nyanya hizo uliziharakisha," akasema.