Roho Zilizofunikwa Jikoni

Kli. Kimya. Kli tena.

Dorota alifumbua macho gizani. Ilikuwa alfajiri ya Novemba, dirisha bado jeusi, na jikoni kulikuwa na mtu anayegusa vyombo polepole kama anayeogopa kuviamsha. Akanyata pekupeku, akawasha taa.

Bintiye Apolenka, mwenye miaka mitano, alikuwa amepanda kiti. Vifuniko vyote vilikuwa vimelala mezani. Sufuria ya supu ya dengu wazi, kopo la sukari wazi, hata birika la kahawa limevuliwa kofia.

"Unafanya nini, mama'ngu?"

"Nawafungulia watu waende kwao," mtoto alinong'ona. "Usimwambie baba."

Dorota hakujua acheke au alie. Kosa lilikuwa la mumewe, Radim. Miaka sita mizima kikundi cha opera cha mji wao kilimtumia kusukuma mapambo ya jukwaani, milima ya mbao na kinu cha karatasi, basi. Mwaka huu ndipo Mwalimu Kvapil, kiongozi wao, alipomsikia akiimba huku kabeba mti begani. Akampa nafasi ya vodnik, yule mzee wa maji mwenye koti la kijani anayefunika roho za waliozama ndani ya vikombe huko chini ya bwawa. Kwa furaha Radim akafanyia mazoezi nyumbani. Alizipanga sufuria za mkewe mezani, akazifunika moja moja, akaziimbia kwa sauti ya kutikisa vijiko kwamba zikae humo humo, hakuna kutoka. Hakujua kuwa mlangoni amesimama Apolenka na gauni lake la kulalia.

Ilikuwa wiki ya tatu sasa Apolenka hakubali kubebwa na baba yake. Radim akinyoosha mikono, mtoto yuko nyuma ya sketi ya mama.

"Nimeamua," Radim alisema wakinywa kahawa, mtoto akiwa bado anavaa soksi chumbani. "Namwachia Hrubeš nafasi yangu."

"Hrubeš? Yule si anaimba kama mlango wa zizi?"

"Heri mlango wa zizi kuliko mwanangu kunikimbia."

"Mume wangu, kesho ni mazoezi ya mwisho. Ngoja nije naye, akuone."

"Akilia navua koti pale pale, Dorota. Mbele ya Kvapil."

Siku ile ile, wakikata keki ya plamu, Dorota alijaribu kumweleza mtoto. Kwenye shule ya jioni alikuwa ameandika insha kuhusu watu wa opera za hadithi, na alijivunia alama zake.

"Shetani wetu ni mjinga," alisema. "Mchunga kondoo yeyote humzidi akili. Binti mfalme anaringa mpaka ajifunze kupiga deki. Mchawi ninayemwimba mimi anafoka tu, lakini wakiumwa wote wanamjia kuomba dawa."

Apolenka akacheka. Kisha akaacha kucheka. "Na mzee wa maji?"

Insha yote ikamruka Dorota kichwani. "Yule... hana mtu nyumbani kwake."

"Anao. Kwenye vikombe."

"Mtu ukimfunika kikombeni si mgeni wako, Apolenka."

Mtoto akachukua kipande kingine cha keki.

Kesho yake, katika ukumbi wa mazoezi ya viungo ambao kikundi kiliufanya jukwaa, waliketi safu ya mbele, Dorota tayari na pua yake ya boksi ya mchawi, ingawa zamu yake ilikuwa bado mbali. Shetani alidondosha mkia, akarudi kuuokota huku akiimba, na Apolenka akamwambia mama yake kuwa huyu kweli hana akili.

Ndipo matete ya karatasi yakatikisika, na Radim akatoka, nywele za kijani hadi mabegani. Kucha ndogo zikazama kwenye kiganja cha Dorota. Radim aliwaona. Mstari wake wa kwanza ukayumba, Kvapil akainua nyusi, ukanyooka.

Mzee wa maji alitandika meza chini ya bwawa. Akapanga sahani, akafuta viti kwa mkono wa koti, akaimba akiuliza ni nani atakayekula naye leo. Hapo opera inataka kimya, kisha kicheko cha wanakijiji nyuma ya pazia. Kvapil akashika juu kijiti chake cha kuongozea. Filimbi zikasubiri.

Dorota akahisi mkono wa mtoto ukitoka mkononi mwake. Apolenka alikuwa amesimama juu ya kiti, midomo inatetemeka. Kule jukwaani vidole vya Radim vilikuwa vimeshafika kwenye kifungo cha kwanza cha koti. Dorota alitaka kumvuta mtoto akae, akajizuia.

"Mimi nitakula na wewe, baba, lakini nyumbani," Apolenka alisema.