Kiti Kisichopoa

Nakijwa anasinzia kwenye kigoda chake barazani mchana kweupe, akiwasubiri watu wa Kampuni. Wanakuja kulisikia neno lake, maana ndiye mkubwa aliyebaki katika ukoo, na akisema ndiyo, kilima walikozikwa mumewe na wakwe zake kitalimwa mkonge. Ameapa hatajibu kabla hajamwona mwenye Kampuni ana kwa ana, amuulize wanachouliza Wapare wote kabla ya kuongea habari za ardhi. Kope zinamlemea, sakafu ya baraza inanyooka, inakuwa barabara, naye yumo njiani, anatembea. Mbele yake yuko mtu asiye na uso, laini kama yai lililomenywa. Shikamoo, anasema Nakijwa, kwa kuwa adabu ni adabu. Marahaba, mjukuu wangu, anajibu yule mtu, na Nakijwa, bibi wa watu, anajiona mtoto mdogo. Namtafuta mwenye Kampuni. Unamtafuta asiyezaliwa na mwanamke, asiyekufa kwa maradhi, mwenye mkono kila nchi na hana kiganja? Huyo huyo, anasema Nakijwa, nipeleke.

Wanafika kwenye mji wenye kibanda kimoja, na ndani wafanyabiashara watatu wanachangiana kununua pilipili manga, wakinong'ona kama wezi wa kuku. Barabara inajikunja, mji ni ule ule, lakini kibanda kimekuwa ngome, kina bendera yake na askari wake. Inajikunja tena, na sasa kuta zote ni vioo, zimepanda hadi mawinguni, na katika kila kioo Nakijwa anajiona amevaa kanga yenye chapa ya Kampuni. Hajawahi kuona kitu kikubwa namna hii, na, Mungu amsamehe, anakiona kizuri. Mlangoni wafalme wamepanga foleni kwenye benchi, mataji magotini, kama wagonjwa wa zahanati. Mnangoja nini, wakubwa? Tunangoja kuambiwa tutawale vipi, anasema mmoja, na anamsogelea mwenzake ili mama naye apate pa kukaa.

Nakijwa hakai. Anapanda ngazi mpaka juu kabisa, na juu kuna kiti kitupu. Anakigusa. Kina joto. Ameondoka sasa hivi? Wanaokaa wanaondoka, anasema asiye na uso, kiti hakijapoa tangu siku za kile kibanda. Basi nitakiuliza kiti, anasema Nakijwa: kwenu mmezika wapi? Wafalme wanainua vichwa. Na yule mtu, kwa sauti ndogo ya aibu, anasema, hatuna kaburi hata moja, mjukuu wangu, ndiyo maana tunataka ya kwenu.

Shikamoo mama, samahani, tumekuamsha. Wanaume wawili wamesimama uani, mmoja amefunika uso wote kwa leso, anajifuta jasho, anajifuta, haishushi. Marahaba, anasema Nakijwa, na anainuka kuwapa mkono. Kwenu mmezika wapi? Wanatazamana. Mimi kwetu Moshi, mama, anasema wa pili. Sikuulizi wewe, baba, naiuliza Kampuni. Mwenye leso anazidi kujifuta. Nakijwa anapapasa kigoda chake nyuma, alichokikalia tangu asubuhi, na kigoda ni baridi, baridi kama hakijakaliwa na mtu. Anaogopa, anaogopa kweli. Kisha anaketi tena kwa uzito wake wote, akipashe joto, na wageni anawaambia hapana.